Tangawizi si anasa: mwacheni mama auze kikombe chake cha unga

Kila mara chakula cha msaada kinapogawiwa, kesho yake lawama zinaanza. Mtu anapita sokoni, anakuta mama aliyekimbia vita ameketi chini, mbele yake kitambaa chenye vikombe vitatu vya unga wa mahindi au njegere kavu za rangi ya manjano, anauza. Jioni maneno yamekwisha kuzunguka mtaa mzima: hawa hawana njaa, wanapewa bure halafu wanauza. Wako hata wanaotaka majina yafutwe kwenye orodha. Maneno hayo yanasikika Kasongo mjini, yanasikika Kabambare, na Lusangi hayakosi.

Wachache wanamfuata huyo mama kwa macho baada ya kuuza. Akipata franka zake chache, anavuka upande wa pili wa soko. Ananunua chumvi, kitunguu, kipande cha sabuni, ndagala kidogo zilizofungwa katika karatasi, na kidole kimoja cha tangawizi. Sabuni watu wanamsamehe. Chumvi pia. Tangawizi ndiyo inayowakasirisha. Mkimbizi gani huyu anatafuta viungo?

Swali hilo linastahili jibu, kwa sababu wanaoliuliza si watu wabaya wote. Wengi wao ndio waliofungua nyumba zao kupokea jamaa kutoka vijiji vya Kabambare na upande wa Salamabila wakati risasi zilipolia. Wamegawa chumba, wamegawa sahani, na sasa wanaona kama wanachezewa. Lakini hasira yao imekosea mlango.

Tuanze na chungu chenyewe. Msaada wa chakula unaofika mashariki ya Kongo kwa kawaida ni unga au nafaka ya mahindi, njegere au maharage, mafuta ya kupikia na chumvi yenye iodini. Ni chakula cha kweli, kinaokoa maisha, na hakuna haja ya kukidharau. Ila tazama nani anakipokea. Mtu wa Maniema ya kusini amekuzwa kwa bugali wa mihogo, sombe iliyotwangwa na kutiwa mawese, samaki wa mto, na wali. Mchele hapa una historia ndefu: tangu karne ya 19, siku za Nyangwe na Kasongo ya Tippu Tip, Waungwana walilima mpunga hapa, na baadaye Maniema ikajulikana nchini kote kwa mchele wake. Sasa mtu huyo anapewa njegere kavu zinazochukua saa nyingi jikoni, na zikiiva zina harufu asiyoizoea. Mkubwa anajilazimisha. Mtoto wa miaka miwili anafunga mdomo. Mzee aliyepoteza nyumba na shamba anaonja vijiko viwili, anasukuma sahani, anasema ameshiba.

Hapo ndipo tangawizi inapofanya kazi yake. Mama anaimenya, anaiponda kwenye kinu pamoja na chumvi na kitunguu, anaikaanga kidogo katika mafuta yale yale ya msaada kabla ya kumwaga njegere. Harufu nzito inapungua. Ndagala zilizokaa siku nyingi njiani kutoka ziwa Tanganyika zinaacha kunuka. Mchuzi unapata ukali unaoamsha ulimi, na watoto wanakula. Unga alioutoa sokoni ni vikombe viwili. Chakula ambacho kingebaki chunguni na kumwagwa kingekuwa kingi kuliko hicho. Mwenye kufanya hesabu afanye hesabu yote.

Jambo hili si ufundi wa mama mmoja mwerevu. Mashirika ya kiutu yenyewe yanalijua. Kanuni za Sphere, ambazo mashirika hayo yalianza kuziandaa pamoja mwaka 1997 ili kila mwathirika wa vita au maafa apate msaada wa kiwango kinachofaa, zinataja kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku kama kipimo cha kuanzia kupanga mgao. Watu wengi wanaishia kwenye namba hiyo. Lakini kanuni hizo hizo zinasema pia kwamba chakula kinapaswa kukubalika kwa wanaokipokea na kulingana na desturi zao, na wapokeaji wawe na uwezo wa kukitayarisha. Kalori iliyobaki chini ya chungu haijamlisha mtu. Kwa hiyo mama anayebadilisha unga kidogo kwa kidole cha tangawizi anamaliza kazi ambayo gari la msaada liliiacha nusu. Haibi mali ya mtu.

Wapo wanaouza kwa sababu nyingine, ni kweli. Yuko baba anayebeba gunia la familia usiku na kulipeleka kwa mwenye kupika lutuku. Huyo alaumiwe, na viongozi wa wakimbizi wanamjua kwa jina. Lakini ni uvivu wa fikra kumweka baba huyo na mama wa tangawizi katika kapu moja kwa sababu tu wote wawili wameonekana sokoni.

Kuna jambo jingine ambalo halipimwi kwa kilo. Katika nyumba za Kasongo, tangawizi ni neno la kumkaribisha mtu. Mgeni akiingia, maji yanawekwa motoni, tangawizi inapondwa, chai inamiminwa. Mwezi wa Ramadhani, uji wa jioni ukikosa tangawizi watu wanaulizana kulikoni. Waislamu wa Maniema wanajua pia kwamba Kurani, katika sura ya 76, inataja kinywaji cha peponi kilichochanganywa na tangawizi, ile ambayo kwa Kiarabu inaitwa zanjabili. Kwa Wakristo, sikukuu ya Noeli au harusi bila juisi ya tangawizi inahesabiwa kuwa ya haraka haraka. Mama aliyejifungua anapelekewa mchuzi wa kuku wenye tangawizi nyingi ili apate nguvu. Basi mama mkimbizi aliyepokelewa katika lupango la watu anatamani siku moja, moja tu, naye amkaribishe mwenye nyumba kwa kikombe cha chai iliyo na harufu. Miezi mingi amekuwa mtu wa kupokea. Anayemwita mharibifu kwa ajili ya kikombe hicho hajawahi kulala katika nyumba isiyo yake.

Hata jina la kiungo hiki linaonyesha kilivyotembea. Pwani ya Tanzania na Kenya wanasema tangawizi. Rwanda wanasema tangawizi. Uganda, Waganda wanasema entangawuuzi. Na Kinshasa, mji ambao mara nyingi unadhani kila kitu kizuri kimeanzia kwake, watu wa Lingala wanakunywa tangawisi, kwa s, na wengi hawajui kwamba wanatamka Kiswahili.

Safari ya mmea wenyewe ni ya ajabu zaidi. Wataalamu wa mimea wanasema asili yake ni Asia ya kusini-mashariki, lakini leo tangawizi haijulikani kuota porini mahali popote duniani. Haizai mbegu za kupanda. Kila shina lililopo limetoka kwenye kipande kilichokatwa, kikabebwa na mtu, kikafukiwa mahali pengine. Mabaharia waliibeba kwenye mitumbwi ya bahari, wafanyabiashara wakaibeba hadi Uhindi, Arabuni na Afrika. Ni mmea ambao umedumu kwa sababu watu waliohama hawakuuacha nyuma. Akina mama waliotoka vijiji vya ndani wakiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, baadhi yao walikuwa na kipande cha namna hiyo kwenye pindo la kitenge. Majirani wanaowashangaa hawajauliza ni cha nini.

Kuhusu dawa, hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu masoko yamejaa maneno. Tangawizi inapunguza kichefuchefu, na utafiti uliofanywa kwa wanawake wajawazito katika nchi mbalimbali unakubaliana na yale ambayo bibi zetu walisema siku zote: kikombe cha chai ya tangawizi asubuhi kinasaidia kutapika kupungue. Inapasha mwili, inafungua pua, inatuliza tumbo lililojaa gesi, na njegere zinajua kujaza gesi. Ukali wake unatokana na kitu ambacho wataalamu wanakiita jinjeroli. Tangawizi ikikaushwa, kitu hicho kinabadilika na kuwa kikali zaidi, ndiyo maana unga wa tangawizi kavu unachoma kuliko ile mbichi. Ikipikwa muda mrefu inapoa na kuwa tamu. Mpishi mzuri anaigawa mara mbili, nusu mwanzoni na nusu karibu na kuepua.

Lakini tangawizi haiponyi malaria. Haiponyi kipindupindu. Haizuii mimba wala haileti mimba. Wauzaji wanaopita na chupa wakiapa kwamba mchanganyiko wa tangawizi, kitunguu saumu na ndimu unatosha kwa homa ya mtoto wanaua watu, na hakuna neno laini zaidi la kulitumia. Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo apimwe. Mwenye kuharisha na kutapika apewe maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku akipelekwa kwa muuguzi. Chai ya tangawizi ipatikane baadaye, akishapona. Na wale wanaume wanaoinunua usiku kwa matumaini mengine, wote wanajijua. Sifa hiyo imevuka mipaka ya Maniema na kufika Kinshasa, ingawa ushahidi wake ni mdogo kuliko kelele zake.

Sasa, ikiwa hoja hii ni ya kweli, kuna la kufanya, na halihitaji mkutano wa siku tatu hotelini.

La kwanza linawahusu wanaogawa. Mahali ambapo soko linafanya kazi, kama Kasongo, pesa taslimu au kuponi zinampa mama nafasi ya kununua anachopika. Mashirika mengi yamekwisha kuanza njia hiyo sehemu nyingi za Kongo, na ubishi unaosikika kwamba wakimbizi watakunywa pesa unafanana sana na ubishi wa tangawizi. Mahali ambapo barabara imekufa na soko ni la wiki mara moja, gunia bado lina kazi. Lakini hata gunia linaweza kupangwa na watu waliokaa kwanza na mama watano na kuwauliza wanapika nini. Mara nyingi wanaoulizwa ni wanaume, wenyeviti, watu wenye kalamu mfukoni ambao hawajawasha moto wa jikoni tangu utoto.

La pili linawahusu wenyeji wenye ardhi, na hapa ndipo penye uzito. Tofauti na karafuu, iliki au mdalasini, ambavyo vinasafiri kutoka mbali, vinafika hapa kwa reli inayopita Samba au mgongoni mwa pikipiki na kinga, na bei yake inapanda kila daraja linapovunjika, tangawizi inakubali udongo wa Maniema. Inapenda joto, mvua na kivuli kidogo. Maniema ina vyote vitatu. Kwa nini basi wakimbizi hawailimi? Kwa sababu wanaogopewa. Kwa desturi za huku, anayepanda mti ameweka alama. Mgeni akipanda michikichi leo, watoto wake watakuja kesho kudai shamba. Hofu hiyo si ya kijinga, imeleta kesi nyingi kwa machifu. Ila tangawizi si mti. Inapandwa, inachimbwa, shimo linafukiwa, na mwaka ukiisha hakuna alama iliyobaki. Mwenye ardhi anaweza kumwonyesha mkimbizi kipande nyuma ya nyumba, chini ya migomba, mbele ya mkubwa wa mtaa na mashahidi wawili, wakakubaliana sehemu ya mavuno, na hakuna atakayekuja kudai kitu baada ya miaka kumi.

Na asiye na hata kipande hicho anaweza kupanda katika gunia. Magunia ya msaada yenyewe yanafaa sana! Yanajazwa udongo mweusi uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza, yanatobolewa chini ili maji yatoke, yanawekwa mahali penye kivuli nusu ya siku. Gunia moja halimtajirishi mtu. Linatosha chai na mchuzi wa nyumba, na linamwondolea mama ile safari ya kuuza unga ambayo watu wanaichukia.

Wengine watasema tangawizi inachelewa, miezi minane hadi kumi, na mkimbizi anataka kurudi kwake, hataki kungoja. Ni kweli inachelewa. Lakini ikifika miezi mitano hivi inaweza kuchimbwa ikiwa changa, laini, yenye ganda jembamba, na inapikwa vizuri tu. Barabara ya kurudi ikifunguka kabla, mama anang'oa, anafunga vipande, anaondoka navyo. Wapo waliodhani watakaa wiki mbili na sasa wana watoto waliozaliwa hapa na kuanza masomo. Kungoja kwa mikono mitupu hakufupishi vita.

Mfano wa mbali kidogo unasaidia. Huko Mamba Miamba, katika milima ya wilaya ya Same, Tanzania, wakulima wadogo waliifanya tangawizi kuwa zao la biashara, wakaunda chama chao cha ushirika, wakapata hata kiwanda cha kuisindika. Hawakuanza na mashamba makubwa. Kasongo haihitaji kiwanda kesho asubuhi. Barabara na umeme vyenyewe havijatulia. Lakini kati ya kidole cha sokoni na kiwanda kuna ngazi ya katikati, nayo tayari iko mitaani: akina mama wanaosaga tangawizi, wanaichemsha na nanasi na ndimu, wanatia sukari, wanauza kwa chupa ndogo kwenye joto la saa nane. Mjane mkimbizi anaweza kuingia kazi hiyo kwa mtaji mdogo kuliko karibu kazi nyingine yoyote. Sharti lake ni maji yaliyochemshwa kweli na chupa zilizooshwa kwa sabuni. Wanunuzi waangalie hilo kabla ya kuangalia rangi ya juisi, na wasinunue kwa mtu anayechota mtoni moja kwa moja, hata kama ni dada yao.

Kuhusu mbegu, yaani vipande vya kupanda, kuna la kuogopa. Tangawizi inabeba ugonjwa wake ndani ya kipande. Nigeria, nchi inayoongoza Afrika kwa zao hili, mwaka 2023 wakulima wa kusini mwa Kaduna walipoteza mashamba mengi kwa ugonjwa ulioenea haraka. Kwa hiyo anayenunua sokoni ili kupanda achague kipande kigumu, kizito, chenye macho yaliyovimba, kisicho na mahali palipolainika wala maji meupe kama maziwa yanayotoka kikikatwa. Shina likinyauka likiwa bado kijani ling'olewe na kuchomwa, na udongo ule usirudiwe kupandwa tangawizi, nyanya wala pilipili kwa misimu kadhaa.

Kiangazi cha mwezi wa 7 na wa 8 ndicho kipindi cha kutayarisha udongo na kuongea na wenye ardhi, kabla kila mtu hajashika jembe kwa ajili ya mahindi na karanga. Vipande vinakatwa kwa urefu wa kidole, kila kimoja kiwe na jicho moja au mawili, vinaachwa siku mbili au tatu kivulini ili jeraha likauke, kisha vinafukiwa kwa kina cha vidole vitatu, jicho likitazama juu. Mvua za mwezi wa 9 zikianza, juu yake patandazwe majani makavu. Halafu mtu asichokonoe kila siku kuangalia kama imeota; inaweza kukaa mwezi mzima chini bila kuonyesha kitu.